Kufuli la Noreen

Saa moja kasorobo asubuhi, Noreen Szymczak amepiga magoti mbele ya mashine ya kufinyanga plastiki, anakwangua rangi iliyofunika kibati chake chenye maelezo ya umeme. Magoti yanamuuma. Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na mitatu kati ya hiyo amekuwa fundi umeme katika viwanda vya Windsor.

"Mia nne na themanini," anasoma, kisha anashusha pumzi. "Nilijua tu."

Mashine ilivushwa jana kutoka Detroit, ng'ambo ya mto. Huko viwanda vingi hutumia volti 480. Hapa Kanada ni 600. Nyaya ni tatu kule, tatu huku, na jicho halioni tofauti. Bila transfoma ya kupunguza umeme, mashine itapasuka. Transfoma itafika Alhamisi. Leo ni Jumanne.

Gaétan Drouillard, msimamizi wa zamu, anakuja mbiombio.

"Mama, watu arobaini wamekaa bure. Iwashe hata kidogo tuone."

"Tuone nini, moto?"

"Nyaya tatu ni nyaya tatu! Acha woga wa kizee."

"Uzee ninao, sikatai. Lakini haiwaki."

Anafunga kufuli lake jekundu kwenye swichi kuu. Lina jina lake, na viwandani huku kufuli la mtu haliguswi na mwingine. Saa tatu wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Wengi wanampita bila salamu. Siku mbili bila ujira si mchezo, lakini kumnunia aliyekuokoa ni kukosa shukrani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Noreen aliumwa. Kwenye chumba cha mapumziko, kahawa ikipoa mbele yake, anamweleza mwandishi wa gazeti hili.

Mwaka 2009, katika kiwanda ambacho sasa kimefungwa, aliunganisha mashine nyingine ya Detroit kwenye volti 600. Ililipuka. Mwenzake, Emil Ouellette, aliyekuwa amesimama karibu, alipoteza jicho.

"Niliwaambia wachunguzi mashine haikuwa na kibati," anasema. "Kilikuwapo. Kilipakwa rangi tu, kama hiki cha leo. Kukikwangua ni dakika mbili. Nilikuwa nimechoka, sikukwangua. Baada ya mlipuko nikakibandua, nikakitia mfukoni."

"Nani mwingine anajua?" mwandishi anauliza.

"Wewe."

Anastaafu Machi. Wenzake wanazungumzia kuvua samaki na kulea wajukuu. Yeye anasema anataka kulala tu. Usingizi wake ni wa mang'amung'amu tangu mwaka ule.

Mwandishi anamuuliza kama maneno yale ya kibati ayaache nje ya gazeti.

"Yaandike, na jina langu lote," anajibu. "Emil husoma gazeti hili kila Jumamosi, ukurasa hadi ukurasa. Jumapili huwa nampelekea supu. Nitaipeleka kama kawaida, nitabisha hodi. Asipofungua, nitaiacha mlangoni."