Kanda za Pasaka za Bibi

Juzi nilikwenda Ibra, huku Omani, kusaidia kuhamisha vitu katika nyumba yetu ya zamani. Kwenye kabati la Baba, chini ya kanzu zake, nikakuta kanda nne za kaseti, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, hazijaguswa tangu zitoke Tabora. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulia ovyo. Siku hiyo nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira.

Ngoja nikueleze. Bibi, mama yake Baba, alizaliwa Tabora katika nyumba ya Wakatoliki, watoto tisa, yeye wa sita. Akaolewa na Babu, Mwarabu mwenye duka, akasilimu, akaja naye Omani. Swala tano hazikumpita hata moja. Lakini ndugu ni ndugu. Kila Pasaka walikusanyika kwao, wakala wali na kuku, kisha wakamrekodia kanda. Msafiri aliifikisha Maskati alikofanya kazi Baba, na Alhamisi Baba akirudi nyumbani alikuja nayo.

Ulikuwa wakati wa kuchavusha mitende, harufu ya ule unga wa maua ikitufuata mpaka ndani. Bibi alisukuma maandazi, akawasha redio kaseti pale jikoni, akatukaripia tunyamaze. Kwanza tulisikia majogoo na masufuria ya Tabora. Halafu ndugu walijihesabu, kama baba yao alivyowazoesha kabla ya kula, asije mtoto mmoja akakosa chakula. Wa kwanza, nipo. Wa pili, nipo. Baada ya wa tano walinyamaza makusudi, na Bibi, mikono imejaa unga, alipaza sauti: "Wa sita, nipo!" Ndipo wa saba akaendelea. Mimi niliamini kabisa kwamba wanamsikia. Wakimaliza waliimba nyimbo za Pasaka, na Bibi akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwaka mmoja wageni walikuja kumposa shangazi, na wimbo ukatoka jikoni ukaingia majlisi walikoketi. Mgeni mmoja akauliza, "Kumbe nyumba hii ina kanisa?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Posa yenyewe ilikubaliwa siku ileile, na harusi ikafanyika.

Mwaka uliofuata kanda haikuja. Bibi aliona haya kumwandama mwanawe, akanituma mimi. "Kamuulize baba yako, wamenikumbuka?" Nikaenda. Baba alikuwa akinywa kahawa na tende, hakuinua hata uso. "Mwambie hakuna kitu, khalas."

Nikakimbia jikoni nikasema hakuna. Nilisema hivyo miaka minne, na kila mwaka Bibi alikuwa ameshasukuma maandazi na redio imeshawashwa mezani. Mara ya mwisho aliizima mwenyewe. "Usiwalaumu, mjukuu wangu," aliniambia. "Mimi ndiye niliyewaacha." Alifariki kabla ya Pasaka nyingine.

Nilimpelekea Baba zile bahasha. Sasa ni mzee, kusikia kwake shida, lakini hili alilisikia vizuri. "Nilikuwa nalinda heshima yenu, wallahi," akasema. Yetu! Nani alimwomba? Alimfanya mama yake aamini kwamba ametupwa na ndugu wanane, na uongo wenyewe akaupitisha kwenye mdomo wangu. Ni baba yangu, namwamkia na kumbusu mkono, lakini hilo sijamsamehe.

Siku hizi jikoni mwa watu hakuna tena redio kaseti, na Tabora sijui kama kuna aliyebaki wa kujihesabu. Nikaazima redio kaseti kuukuu ya jirani, nikafungua bahasha ya kwanza. Majogoo walewale. Masufuria. Wa kwanza, nipo. Mpaka wa tano. Wakanyamaza.

Nilitaka kumjibia Bibi, nikashindwa, maana mdomo huu ndio uliomwambia hakuna. Walisubiri sana, zaidi ya nilivyokuwa nakumbuka. Mmoja wao akakohoa. Kisha wa saba akasema, polepole, "Nipo."