Kelele Niliyoizima kwa Mafuta ya Papa

Siku yangu ya kwanza katika karakana, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mombasa, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinilaza chini ya gari, akauweka mkono wangu juu ya kiungo cha fimbo ya usukani, ile inayogeuza magurudumu ya mbele, kisha akamwambia dereva atikise usukani kushoto na kulia.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu, Fundi."

"Sikuyauliza masikio. Nauliza mkono."

Ndipo nilipousikia ulegevu: kitu kidogo, kama jino linalotaka kung'oka.

Vita vya Wajerumani vilikuwa bado havijaanza, na magari ya petroli yalikuwa machache kisiwani. Wakubwa wengi walisukumwa kwa vigari vya relini, na reli hizo zilitufaa sana. Gari likiletwa na kelele, tulilipitisha juu yake polepole. Mlio wa kukwaruza ulitoka kwenye springi, zile bamba za chuma zilizopangana chini, ambazo chumvi ya bahari huzitia kutu. Mlio mzito wa kugonga ulitoka kwenye pini kubwa ambayo gurudumu hugeukia. Hapo gari liliinuliwa kwa jeki, gurudumu likashikwa juu na chini, likatikiswa. Likicheza, basi bushi, yaani mrija wa shaba unaoizunguka pini, imelika.

"Usitie mafuta kabla hujajua mlio watoka wapi," Fundi Mkuu alizoea kutuambia.

Dereva aliyetikisa usukani siku ile ya kwanza alikuwa Mbwana, mtu wa tajiri mmoja wa Kizingo. Alinizidi umri, tukapendana. Miaka michache baadaye, Fundi Mkuu akiwa ameenda Kilindini kutafuta chuma, Mbwana aliingia akicheka.

"Yakhe Salimu, gari langu lalia kama muomba sadaka kila nikivuka reli. Na bwana ana wageni, ataka niwapeleke kwenye mnara wa taa sasa hivi."

Jeki ilikuwa chini ya gari jingine. Kuitoa kungechukua muda, na mimi nilikwisha kujiona fundi. Nikasema ni chumvi tu. Nikachota mafuta ya papa, nikayamimina kwenye springi, kwenye viungo, na kwenye pini pia. Tukavuka reli: kimya.

"Umeniponya," akasema Mbwana. "Na usukani je? Nauona mlegevu."

"Enda zako, kaka. Usukani wako una akili kuliko wewe."

Akacheka, akaenda.

Kwenye kona ya mnara wa taa gurudumu moja lilikataa kumtii. Gari likaparamia ukuta wa mawe. Wageni walisalimika; Mbwana alivunjika kifundo cha mkono. Gari lilipokokotwa hadi karakana, Fundi Mkuu aliliinua mbele ya tajiri, akatoa bushi iliyolika ikawa nyembamba kama karatasi. Akainusa.

"Nani aliyetia mafuta hapa?"

Niliiweka mikono yangu nyuma. Mbwana, mkono umefungwa kwa kitambaa, alinitazama. Tajiri akasema dereva ndiye mwenye gari barabarani, na kwamba hamtaki tena. Baada ya hapo hakuna aliyempa Mbwana usukani mjini.

Mimi nilisifiwa na kupandishwa cheo. Sikuweza kukaa. Nilifanya kazi Tanga, Unguja, Kisumu, na kila nilipozoeleka nilihama. Niliinua kila gari kwa jeki, hata lililoletwa kupakwa rangi tu, hata wenzangu wakanicheka.

Sasa, kabla sijafika hamsini, nimeziweka chini spana na kurudi Mombasa. Nyinyi vijana mnaoishika kazi hii, gari linalolia linataka kuwaambia kitu. Mimi nililifunga mdomo. Niliporudi nilimkuta Mbwana dukani kwa shemeji yake, akikata halua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunyooka tena. Nikaketi, nikaanza, "Kaka, siku ile, yale mafuta..."

"Ulificha mikono," akasema, akiendelea kukata. "Lakini mafuta ya papa hunuka, Salimu. Fundi alipoinusa ile bushi, nilijua palepale kwamba uliizima kelele tu. Nilikuwa nangoja useme."

Akanisogezea kipande cha halua kwenye karatasi.

"Kula. Nimengoja sana."