Ulie Mbinguni

Mwezi uliopita nilitoka Kitaji, ninakoishi siku hizi, nikarudi kijijini kwetu upande wa Suguti kusali Jumapili. Kanisa la misheni ni lile lile la mawe, ila sasa wametundika kitambaa cheupe ukutani na sala zinamulikwa hapo kwa mashine. Tulipofika kwenye Baba Yetu nikasoma kwa macho yangu mawili: "uliye mbinguni." Mdomo wangu, ndugu yangu, ukasema kitu kingine. Binti wa kaka yangu akanigusa kwa kiwiko.

"Shangazi, umekosea. Soma pale."

Nikacheka kanisani, mtu mzima na mvi zangu. Kosa lile nililirithi kwa bibi, mama yake baba.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ile ya shida. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Sukari tuliisikia kwa watu. Mvua iligoma, tukala unga wa njano ulioletwa na lori, na ugali wake haukushikana hata ungeusonga kwa hasira. Kazi yetu mimi na bibi ilikuwa kuanika udaga, ile mihogo iliyovundikwa, juu ya miamba nyuma ya nyumba. Miamba ilichoma nyayo, udaga ulinuka hadi njiani, na hapo ndipo nilipomfundisha katekisimu. Mimi nilisoma kitabuni, yeye alirudia huku akigeuza vipande. Kiswahili alikuwa nacho kidogo tu, cha sala na cha kununulia chumvi.

Utajiuliza kwa nini bibi kizee alikuwa bado mwanafunzi wa dini. Enzi za mkoloni alikuwa mke wa pili wa babu. Padri mzungu, kijana wakati huo, alimwambia aachane na mumewe ndipo abatizwe. Shule ilikuwa ya misheni, na bwana shauri, mkubwa wa serikali, akipita alikula mezani kwa padri, kwa hiyo neno la padri halikuwa na rufaa. Bibi akabaki na mumewe. Lakini Jumapili hakukosa. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wenzake walipokwenda kukomunika yeye aliwashikia watoto wao wachanga. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameajiriwa kanisani kama yaya. Babu alipofariki, kizuizi kikaondoka, ukabaki mtihani tu.

"Nisije nikazikwa kama mgeni," alikuwa akiniambia, na sauti yake ilinitia uchungu.

Sasa sikiliza nilivyomponza bibi. Siku moja, katikati ya ukame, nilimuuliza kwa nini akianza Baba Yetu hutazama juu. Akanieleza kwamba tunamwomba Baba alie, kwa sababu machozi yake ndiyo mvua. Masikioni, uliye na ulie ni dada wawili. Kitabu nilikuwa nacho mkononi, kimeandikwa vizuri kabisa, lakini nilitazama lile anga kavu nikaona maneno ya bibi yana akili zaidi. Nikanyamaza.

Mtihani ulifanyika barazani kwa padri, asubuhi, baada ya kugongwa ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu. Padri alikuwa yule yule, sasa mzee wa miguu iliyovimba. Mwalimu wa dini, mtu wa Butiama mwenye peni tatu mfukoni, aliuliza na bibi akajibu yote bila kukwama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimevimba kwa majivuno. Mara padri akasema, "Mama, Baba yetu uliye mbinguni, maana yake nini?"

"Tunamwomba alie," bibi akasema. "Asipolia ndo hii njaa."

Mwalimu wa dini akaweka peni chini. "Padri, huyu bado. Arudi mwakani."

Nilijua kosa ni langu, na sikuwa na ujasiri wa kusema.

"Nani alikufundisha hivyo?" padri akauliza.

"Si ni wewe, padri. Ulipokuja, Kiswahili kilikuwaga kinakushinda. Ulitusemeshaga, ulie, ulie." Bibi akajifunga kanga vizuri. "Halafu ukanikataa. Nikasema sawa, padri amenikataa, lakini Baba anayelia hawezi kunikataa. Ndo maana sikuondokaga."

Padri akavua miwani. Akamgeukia mwalimu wa dini.

"Andika amefaulu," akasema. "Aliyekosea ni mimi."

Kisha akamweleza polepole kwamba uliye maana yake ni unayekaa. Bibi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Anakaa mbinguni. Haya. Lakini na kulia analiaga?"

"Analiaga, mama," padri akasema.

Alibatizwa Pasaka. Ruksa ya biashara ilikuwa imeanza, mitumba ikamwagika Bunda, na mama akamletea vazi jeupe kutoka huko. Lilikuwa koti la daktari, lenye mfuko wa kalamu kifuani. Bibi alitia rozari mfukoni humo akatembea hadi mbele, na siku hiyo mimi ndiye niliyebaki benchi la nyuma na watoto wa watu.

Padri amelala makaburini misheni, bibi amelala shambani kwake. Rimu imeuzwa chuma chakavu, na miamba yetu ya udaga imepasuliwa kokoto. Haya yote nilimsimulia binti wa kaka tulipotoka kanisani, naye akaniuliza, "Kwani Mungu huwa analia?"

"Analiaga," nikamwambia.

Jioni, kabla ya kula, yeye ndiye aliyeongoza sala. Nilitega sikio. Alitamka kama bibi.