Kiboko Ana Njia Yake

Enzi zetu sisi watoto wa Kakese, mtu hakwenda ziwani ili akapigwe picha. Tulikwenda Ikola mara moja kwa mwaka, siku ya pili ya Krismasi, juu ya lori la mahindi, wote tumevaa nguo zilizokatwa kwenye jora moja. Tope la Desemba liliturukia mpaka puani na hakuna aliyelalamika. Watoto wa leo wanapanda gari lenye kiyoyozi, wanatapika kabla halijauacha mji wa Mpanda, halafu wanauliza kama huko tuendako mtandao unashika.

Ziwani tulikula migebuka iliyovuliwa asubuhi ile ile, imechomwa kwa chumvi tu, na ugali wa muhogo. Ngedere walishuka kutuibia ndizi, tukawafukuza, wakarudi, na hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu. Lakini majini hatukuingia mpaka wenyeji waturuhusu. Baba, mkulima asiyejua kuogelea, alituonya kila mwaka: "Kiboko hana sikukuu. Nyie mnasherehekea, yeye anatafuta majani."

Kiboko ana njia yake. Utaiona majani yamelala, ardhi imelainika, imenyooka kutoka kwenye matete mpaka majini. Watu wa ziwa hawatandiki kanga hapo wala hawavuti mtumbwi hapo. Sisi wa mashambani tuliona ni mahali pasafi, tukadhani kuna mtu katupalilia. Ndiyo maana mwaka mmoja mdogo wangu Zebedayo alikaa katikati ya njia hiyo, akajenga nyumba ya mchanga. Mawingu yalikuwa mazito, na siku kama hiyo kiboko hutembea hata mchana. Matete yakatikisika nyuma yake.

Mama mmoja muuza samaki akapiga yowe: "Wee mtoto, acha njia! Mpishe!" Ufukwe mzima ukapokea. Wavuvi, dereva wa lori, watu wasiomjua Zebedayo wala baba yake, wote walipaza sauti. Zebedayo akajitupa pembeni, kiboko akapita zake, akazama. Baba alimkumbatia, kisha akamchapa. Yule muuza samaki naye akaongeza vyake viwili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anampiga mtoto wa watu, na mama yangu alimshukuru.

Krismasi iliyopita nilimpeleka mwanangu Festo na binamu zake pale pale. Festo ni jitu zima lenye ndevu tatu. Migebuka hawakuigusa, eti ina miba. Walikuja na chipsi kutoka mjini, zimelegea kama matambara. Nikawaonyesha njia ya kiboko, nikawaeleza. "Mama, tulia," akaniambia Festo. "Hizo ni stori za zamani." Kisha akaenda kusimama katikati yake, ameyapa matete mgongo, anabinua midomo kama bata mbele ya simu. Kijana niliyemsomesha!

Matete yakatikisika. Binamu zake walimwona kiboko kabla yake, na sikusikia hata mmoja akimwita. Walinyanyua simu juu zaidi. "Usisogee, kaka, inatoka kali!" Nikageuka kutafuta watu wazima wa kunisaidia, nikakuta nao wamenyanyua zao. Nilimwita mwanangu mpaka koo likachanika. Akageuka, akaruka, kiboko akampita karibu kiasi cha kumpangusa. Nikakaa chini kwenye mchanga, nikalia mbele za watu bila aibu. Sijawahi kuwachukia vijana kama siku ile. Mdogo wangu aliitwa na ufukwe mzima, mwanangu kaitwa na mama yake peke yake.

Jioni, nyumbani, waliniletea video kwa furaha, eti watu wengi wameshaipenda. Nikaitazama. Festo anageuka, anaruka, kiboko anapita. Nikauliza, mbona sijisikii nikimwita?

"Kelele zako zilikuwa zinaharibu, Mama," akajibu Festo. "Tumezitoa, tumeweka muziki."