Majina Kumi na Moja ya Mama

"Kila filamu ya familia hii nikiimaliza, wewe unaikata mkia. Hii huigusi."

Bi Mikasi alisema hivyo bila kugeuza kiti. Mdogo wake, ambaye ukoo mzima humwita Mhandisi, alikuwa amesimama mlangoni pa kichumba cha dada yake cha kuhariri filamu, nyuma ya duka la mshonaji, amejifunga mikono kifuani kama mkaguzi. Alikuja kumwambia ayatoe majina yanayopanda mwishoni mwa filamu. Yanatia aibu, alisema, yanatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Tena nani huyasoma? Majina yakianza kupanda, watu wanatafuta viatu.

"Mama atayasoma," Bi Mikasi akamjibu.

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Mwaka uliopita mama yao alivunjika nyonga, akalala miezi minne. Wanawake kumi na mmoja wa mtaani walipokezana kumgeuza, kumwosha na kumsogezea beseni: Mama Pacha, Muuza Mkaa, Shangazi wa Kona, na wenzao. Mhandisi alikuwa akipiga simu. Sasa mama anatimiza miaka themanini, anatengenezewa filamu yake, na zawadi aliyoiomba ni moja tu. Alijifunza kusoma akiwa na wajukuu tayari, midomo ikimcheza kwa kila neno, naye alitaka wale kumi na mmoja waandikwe awasome mwenyewe, mbele yao, Jumapili, kwenye televisheni yake.

Televisheni yenyewe ni ile ya zamani, yenye kisogo kirefu, na mama hataki kusikia habari ya nyingine. Kwenye kompyuta ya Bi Mikasi majina yalipanda yametulia. Kwenye ile ya mama, walipoijaribu mwenyewe akiwa hayupo, vijiti vyembamba vya herufi vilimeta, vikapotea, vikarudi.

Mhandisi akaona amepata pa kumshikia. Akatoa ahadi kwa sauti ya kutosha mshonaji kusikia: ile televisheni iletwe hapa, na majina hayo yakitulia na mama akayasoma yote, yeye ataibeba kichwani kwa miguu kuirudisha nyumbani kwa mama. Yasipotulia, yanakatwa.

"Mshonaji, umesikia?" Bi Mikasi akauliza. Mshonaji akaitikia kwa cherehani.

Watu humdharau Bi Mikasi kwa sababu aliishia darasa la saba. Alianza kazi hii akiwa mfagiaji wa studio, akiokota vipande vya kanda vilivyotupwa na kuviunganisha kwa mkasi na gundi kujifunza peke yake, hadi tajiri wa studio akawa anamwita yeye pale mafundi wake wanapokwama. Jina likamganda. Hajui kusema maneno makubwa ya vyuoni, lakini kitu kikimkataa, hakiachi mpaka kiseme kwa nini.

Alhamisi akaleta mkokoteni, akaihamisha televisheni ya mama hadi kichumbani. Akaweka pua karibu na kioo. Akaona kile ambacho kompyuta ilimficha: televisheni ile haichori picha nzima kwa mkupuo. Huchora mistari, mmoja ndiyo mmoja siyo, kisha inarudi kujaza iliyorukwa. Kijiti chembamba kikiangukia mstari mmoja peke yake, sasa kipo, sasa hakipo.

Akaanza na herufi. Zile za maringo, zenye vimikia, akazifukuza. Akaweka nene, za mraba, rangi nyeupe iliyopunguzwa ukali kidogo. Kingo za juu na chini akazilegeza kwa ukungu mwembamba, na ajabu yake, kwa mbali zikaonekana kali kuliko mwanzo. Lakini bado zilitikisika.

Basi akauliza mwendo. Yeye, kama kila mtu, alikuwa amevuta maandishi yaenee sekunde thelathini kwa sababu thelathini ni namba nzuri. Akachukua kalamu. Njia ya kupanda ilikuwa mistari elfu moja na mia mbili, picha ishirini na tano kwa sekunde. Akagawanya kama alivyofundishwa na mwalimu wa fimbo: kila picha ilipanda mstari mmoja na vipande. Vipande! Televisheni ya mistari utaipaje vipande? Akaipa miwili kamili. Jibu likatoka sekunde ishirini na nne.

Jumamosi Mhandisi alipokuja, akacheka. "Dada, mama anasoma polepole, nawe umemwongezea mwendo?"

"Kaa chini."

Kabla hajakaa, mama akaingia na mkongojo, amesindikizwa na Mama Pacha. Alikuja kuuliza televisheni yake imefungwa kwa kosa gani. Wakamsogezea kiti, Bi Mikasi akabonyeza.

Majina yakapanda. Yalisimama wima, kila kijiti mahali pake, yakapita kwa utulivu kama watu wanaoingia ibadani. Midomo ya mama ikaanza kazi. Kwenye jina la tatu akamshika Mama Pacha mkono. Hakuruka hata moja. La mwisho lilipofika juu, akabaki anatazama kioo cheusi.

"Wote wapo," akasema. "Nilidhani mtasahau yule wa mkaa."

Mhandisi akajifanya anatafuta funguo za gari. Mshonaji akasimamisha cherehani.

"Gari la nini?" Bi Mikasi akamuuliza. "Kata ya kichwani hii hapa, nimekufungia kitenge."

Akabeba. Mtaa mzima ulimwona, shati limemlowa mgongoni, mama nyuma yake akimwonya asimwangushie. Mara mbili alitua kupumua, akauliza kama nusu ya deni haitoshi. Bi Mikasi, aliyekuwa ameshika waya asije akaukanyaga, akamwelekeza njia kwa kidevu.

Walipofika kwenye ngazi tatu za mlangoni kwa mama, Bi Mikasi akauzungusha waya begani, akashika upande wa pili.

"Hizi tatu nimekusamehe," akasema. "Inua."