Nilichagua motherboard ndogo ili magunia ya kahawa yapate nafasi, nikapoteza sauti ya baba

Wakuu, poleni na majukumu. Nawaandikia kutoka Ihanda, Mbozi. Sitatia chumvi, maana jambo lenyewe halihitaji chumvi.

Mtaniona mjinga. Ni sawa, hata mimi najiona hivyo.

Mimi ni mtu wa video. Harusi, kwaya, misiba, nashuti na kufanya editing hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele.

Baba alipozidiwa na ugonjwa aliniita nimrekodi. Alikaa kwenye kiti chake akaongea zaidi ya saa nzima, Kinyiha kitupu. Alivyomposa mama. Mipaka ya shamba. Watoto wao wawili waliofariki wakiwa wadogo, akawataja kwa majina. Mwisho akamshukuru mama, akalia.

Haikupita muda mrefu tukamzika.

Mama hakutaka kuiona ile video. Aliniambia, "Itunze kwanza, mwanangu. Siku nikiweza nitakwambia."

Kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu. Kutunza.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Desktop yangu ya zamani ilikuwa dude kubwa, na ndani yake niliweka disk mbili. Moja ya kazi, nyingine ya backup. Video ya baba ilikuwa kwenye zote mbili. Ikaja ikafa motherboard, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote vya ndani, nikaenda Tunduma kwa fundi wangu tunayefahamiana miaka mingi.

Akaniwekea motherboard mbili mezani. Moja ATX, ile saizi kamili: sehemu za kuchomeka disk nyingi, RAM slot nne, na case yake, yaani kasha, ni pana na inapitisha hewa. Nyingine mini-ITX, kadogo, upande mmoja haufiki hata shibiri. RAM slot mbili, nafasi moja ya SSD, zile disk mpya ndogo kama kipande cha bigijii, tena iko upande wa chini wa ubao. Case yake unaibeba kwapani.

Fundi akasema, "Kaka, wewe mtu wa video, beba kubwa. Hii ndogo ya watu wa kuandika barua."

Nikachukua ndogo.

Kwa nini? Wa Mbozi mtanielewa. Msimu wa kahawa chumba cha mbele si cha kwako tena. Kahawa ikikauka kwenye vichanja inaingia ndani, ukiiacha nje wezi wanakusaidia kuibeba. Magunia yanapangwa hadi dirishani, wewe unabaki na kanjia ka kupita kiupande. Nikawaza, kompyuta ndogo itakaa pale kwenye kona katikati ya magunia na maisha yataendelea.

Na joto je? Wakuu, huku asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Nikajiambia, baridi yote hii, kompyuta itapata joto la wapi?

Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Ile case ndogo haikuwa na pa kuweka disk zangu za zamani. Nikahamishia kila kitu kwenye SSD mpya, nikahakikisha video ya baba inafunguka. Disk ya kazi nikamwachia fundi kama sehemu ya malipo, akaifuta. Ya backup nikaifuta mwenyewe, nikawawekea kwaya moja video zao wakaondoka nayo. Nilikuwa nashangilia hata, meza imebaki wazi, waya chache.

Memory card ya kamera nilishaitumia kwenye harusi nyingi. Cloud msiniulize. Bando la kupandisha saa nzima ya video nilikuwa naliahirisha kila wiki.

Msimu ukafika. Magunia yakaikumbatia ile case pande tatu. Vumbi la maganda likajaa kwenye feni. Mimi narender harusi, yaani kompyuta inapika video nzima, mchana kutwa, na SSD iko chini ya ubao haipati hata upepo. Kompyuta ikaanza kuganda. Nikawa naizima, naiwasha, naendelea.

Siku moja ikawaka, lakini SSD haionekani.

Nikapanda gari hadi Tunduma. Fundi akaichomeka kwenye mashine tatu, akatikisa kichwa. Hakunisimanga, na afadhali angenisimanga. Nikapeleka Mbeya, nikaituma Dar kwa watu wa data recovery, wanaofufua mafaili yaliyopotea. Jibu likarudi kwamba chip yenyewe imekufa, hakuna cha kutoa.

Nililia barabarani Nanyala nikirudi kutoka Mbeya na jibu hilo, nimeshuka njiani kwa sababu nilishindwa kukaa na watu kwenye gari.

Picha za baba tunazo nyingi. Sauti yake hatuna popote. Ilikuwa ni hiyo tu.

Somo, kwa anayetaka kununua: ukiwa na kazi nzito chukua ATX, disk mbili zikae ndani, hewa ipite. Ndogo si mbaya, ila ujue unachokiacha nje. Na chochote usichoweza kurekodi upya kisikae sehemu moja, hata kama una motherboard ya dhahabu.

Jumapili iliyopita mama ametoka kanisani, hajabadilisha hata nguo. Akavuta kiti hadi mbele ya meza yangu, akatengeneza kitenge mapajani.

"Mwanangu, niwekee mzee leo. Nimsikie."

Nikamwambia umeme umekatika.

Taa ilikuwa inawaka juu yetu. Akaiangalia, akaniangalia mimi. Akasema, "Haya, mwanangu," akakirudisha kiti mahali pake, akaenda jikoni.

Hajauliza tena, na mimi sijasema. Wakuu, ushauri wa kompyuta sihitaji. Kama kuna aliyewahi kumwambia mama yake jambo la namna hii, aniandikie hapa chini alianza na neno gani.