Bibi Aliyebishiwa Mlango

Kaa karibu nikueleze kwa nini filamu za kutisha za Halowini, ile sikukuu ya Wazungu ya vinyago, zile zenye hadithi nne ndani ya moja, hazituchoshi hapa Uvira. Umeme ukikatika, angalau hadithi moja imekwisha, nawe unarudi nyumbani na hofu kamili.

Katika chumba cha video cha mtaa wa Mulongwe, filamu tuliyoipenda ilianza na bibi aliyesikia watoto wenye vinyago wakibisha mlangoni. Baada ya hadithi ya nne, bibi alionekana tena. Kila mara mfasiri wetu, aliyetueleza filamu kwa sauti, alizima mashine pale pale.

"Imerudi mwanzo!" alisema.

"Na bibi alifungua?" dada yangu aliuliza.

"Mama, weye nenda ukapike!" mfasiri alimjibu akicheka.

Watu walicheka. Dada aliolewa, akahamia Nyakabere bila kujua kama bibi alifungua.

Juzi nimeiona yote kwenye simu. Haikuwa imerudi mwanzo. Bibi alifungua mlango, naye alikuwa amevaa kinyago. Nilikasirika. Mfasiri yule alitunyima mwisho miaka yote, tena akamcheka aliyeuliza! Nimemtumia dada filamu hiyo. Nawe, usizime filamu mpaka majina yote ya waigizaji yapite.